Jani Halina Aliyelinyonyesha

Siku hiyo naikumbuka kwa mwanga wake, mwanangu. Ulikuwa mchana wa Ijumaa, mvua imetoka kunyesha Kariakoo, na uani kwetu kila kitu kilimeta kama kimepakwa mafuta. Kelele za wasukuma mikokoteni zilipita juu ya ukuta kwa mbali, kama zinatoka mji mwingine.

Nilikuwa kijana bado, ingawa sikumbuki kujihisi kijana. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akafariki mama akiwa mjamzito. Mama naye akatutoka siku ya kumzaa Tatu, mdogo wetu wa mwisho. Mimi, dada yao mkubwa, niliacha shule darasa la sita, nikaenda kuuza mitumba Mchikichini ili Salumu, anayenifuata, aendelee kusoma. Tatu alinyonyeshwa na Bi Kidawa, jirani yetu wa ukuta mmoja, pamoja na mwanawe mwenyewe.

Salumu akafika chuo kikuu, na huko akapewa kazi iliyochekesha mtaa mzima: kutafuta undugu wa mimea. Vijana wa kijiweni walimwita Profesa Majani. Akipita wanamuuliza, "Profesa, mambo? Leo shemeji yake mchicha ni nani?" Yeye anacheka tu na kupita.

Pale uani alikuwa na makopo matatu. La kwanza lilikuwa na mmea wenye majani mapana ya kijivu, alioomba kwa mama mmoja wa Kihindi kule Upanga, anayetunga maua yake kuwa mashada ya ibada. Ukiuchuma jani, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. La pili lilikuwa na mnyaa, huu huu wa kwenye uzio, nao una maziwa vilevile. La tatu lilikuwa na kijimmea kinene cha pembe pembe, hakina jani wala maziwa, na ua lake lilikuwa kama nyota, linanuka kama nyama iliyooza. Tatu ndiye aliyeyamwagilia maji. Ganda la ule mmea wa Upanga lilipopasuka, mbegu zake zilipaa na nyuzi zao za hariri, zikaelea uani polepole, naye akazifuata kwa macho mpaka zikavuka paa.

Ijumaa hiyo Salumu alirudi na majibu. Tulikuwa tumekaa mkekani baada ya pilau: mimi, Tatu, Bi Kidawa, na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Salumu alitueleza kwa upole kwamba ndani ya kila jani mna vinasaba, kama maandishi madogo mno ambayo mmea huyarithi kwa mzazi wake. Kila kizazi yanabadilika kidogo. Basi unayalinganisha: yanayokaribiana zaidi ni ya ndugu wa karibu, yanayoachana sana ni ya waliotengana zamani, kabla hata ya kuwapo binadamu wa kuwatazama. Akaonyesha makopo. Mnyaa na mmea wa Upanga, wenye maziwa wote wawili, ni wageni kabisa mmoja kwa mwingine. Ndugu wa mmea wa Upanga ni kile kinene kinachonuka.

Nilitazama makopo yale nikaona kama ndoto. Kumbe miaka yote hiyo undugu ulikuwa umekaa kimya, hauonekani kwa jicho.

Baba mkubwa aliweka kikombe chini. "Na mtu je, anapimika hivyo hivyo?"

Salumu akasema anapimika.

"Basi mpimeni huyu." Alimnyooshea Tatu kidole. "Hana sura ya kwetu. Kama si wa mdogo wangu, asikae katika nyumba ya mdogo wangu."

Tatu alikuwa shule ya msingi bado. Maneno hayo alikwisha kuyasikia yakinong'onwa jikoni na misibani, lakini yalikuwa hayajawahi kusemwa mbele yake. Akamnyooshea Salumu mkono. "Kaka, nipime tu, yaishe."

Nikamwona Salumu anasita. Alitaka kumtetea kwa kile alichokijua, na nadhani aliamini jibu lingekuwa zuri. Ila kama lisingekuwa?

Bi Kidawa hakupandisha sauti. Alimvuta Tatu akamkalisha ubavuni pake.

"Salumu, jani halina aliyelinyonyesha. Halina aliyekesha nalo likiwa na homa. Ndiyo maana unaliuliza vinasaba, huna mwingine wa kumuuliza. Huyu nimemnyonyesha mimi, ni ndugu wa wanangu, na dini inajua hivyo. Dada yake amemlea. Unataka kuuliza nini ambacho hakijajibiwa?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mkubwa wao, mbona umenyamaza?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba neno lilikuwa langu. Nikasema, "Baba mkubwa, shikamoo yako iko palepale. Lakini Tatu hapimwi, na hapa haondoki."

Alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Ilipita Ramadhani nzima ndipo akaja tena, na aliyemwandalia chakula alikuwa Tatu. Salumu aliendelea na mimea yake, nami nikaendelea kumwekea magunia matupu ya mitumba yangu abebee makopo. Hadi leo sijui vinasaba vya Tatu vinasema nini. Watoto wake wananiita mama mkubwa.

Mwanangu, sikukatazi kuuliza. Uliza miti, uliza mawe, uliza nyota, na jibu ulipokee hata kama linapingana na macho yako, maana mmea hauumii kwa kujulikana ndugu yake. Lakini unapotaka kumpima mtu, tazama kwanza jibu litamwangukia nani, na nani amekutuma. Na ukiwa mkubwa wa nyumba, usingoje jirani akukumbushe kusema.

Mungu akujalie elimu pana na mkono mpole wa kuishika. Akupe watu wa kukuita wao, na asikufungie mlango wowote uliolelewa ndani yake. Amina.