Kiini Kilichobaki Mfukoni

Laiti ningekataa kufundisha atomu mbele ya mkaguzi! Fizikia niliijua nusunusu, lakini mkaguzi huyo alikuwa anatafuta mwalimu mmoja wa kupeleka chuo kikuu.

Pale shuleni Kisegi, kando ya ziwa, nilitundika wavu wa samaki uwe atomu, nikarusha punje za mahindi. Zilipenya zikimetameta kwenye mwanga wa ziwa, nami nikajiona tayari niko chuoni.

“Nyingi hupita,” nikasema kwa sauti ya ndoto. “Chache hugonga kiini, zikarudi.”

“Mwalimu, mbona hakuna iliyorudi?” akauliza Auma, binti wa mvuvi.

“Zimerudi. Hukuziona.”

“Ziligonga nini?” akauliza mkaguzi.

Auma akacheka. “Mwalimu, si lile jiwe ulilosema utalifunga katikati ya wavu liwe kiini bado liko mfukoni mwako?”

Lilikuwemo. Mkaguzi alimchagua mwingine, nami chuo kikuu sikukiona maisha yangu yote.