Platinamu ya Kikombe Chetu

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya madini, kule Temeke, Mkuu wa Maabara aliniuliza swali moja tu: "Mikono yako inatetemeka?" Alikuwa ameshika kikombe cha platinamu alichokitoa kwenye sefu. Kilikuwa kimoja, na fedha za kigeni za kununulia kingine hazikuwepo. Nikasema haitetemeki. Ilikuwa inatetemeka.

Tulipima miamba ya altrabesiki, mawe mazito ya kijani-nyeusi yaliyotoka chini sana ardhini. Humo platinamu, na mara nyingine dhahabu, hujificha kwa punje zisizoonekana kwa macho. Mzee Nandonde, msagaji wetu, aliyasaga yakawa laini kama sembe. Mie niliyachanganya na magadi makali, nikayayeyusha motoni ndani ya kile kikombe, kama maelekezo ya Mkuu yaliyobandikwa ukutani yalivyosema.

Sampuli zote zikatoa platinamu.

"Ndugu msomi, Ujamaa umepata mtaji!" Mkuu akashangilia. "Kesho ripoti iko wizarani. Tia sahihi."

Nikatia. Halafu nikaanza kujitesa. Kwa nini zote? Ikiwa si kweli, nani atanithibitisha kazini? Nikamsumbua Mzee Nandonde mpaka akaweka muhogo wake chini.

"Wee msomi, pima kitu kisicho na platinamu, uniache nile!"

Nikachukua udongo mweupe wa Pugu, ule wa kufinyangia vikombe vya chai. Nikaupima. Platinamu.

Nikakimbilia ofisini. "Shikamoo Mkuu. Hata udongo wa Pugu unayo."

"Pugu?" Akainuka. "Na reli ipo palepale!"

"Hapana, Mkuu! Ni kikombe. Magadi yanakila."

Tukakiweka kwenye mizani. Kimepungua. Kikombe cha nikeli, kisichodhurika kirahisi na magadi yale, kilikuwa kabatini siku zote.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "umekula kikombe cha taifa."

Mimi! Maelekezo aliandika yeye! Ripoti akaichana, karatasi ya ukutani akaibandua, na kuthibitishwa kwangu kukaahirishwa.

Nilihamishiwa Dodoma, kisha Mwanza, nikiwa na udongo wa Pugu kwenye kopo la maziwa. Kila mahali niliupima kwanza, kuona kama vyombo vinadanganya, na kila mahali walinicheka.

Nilistaafu nikiwa Mkuu, palepale Temeke. Kila mwajiriwa mpya nilimuuliza swali lilelile. Aliyesema mikono yake haitetemeki, kikombe sikumpa.