Jina Lililowahiwa

Mama yangu anakodisha viti na maturubai Temeke. Jina la biashara yake ni maneno mawili ya Kiswahili cha kila siku, na limepakwa kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kila kiti ili visichanganyike na vya wengine kwenye shughuli. Msibani mtu hukaa muda mrefu akitazama mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Nadhani hivyo ndivyo nusu ya Temeke ilivyolijua jina hilo.

Ofisi moja ya Msasani ilikuwa inatafuta mtu wa kuihudumia kwenye shughuli zake za mwaka mzima. Ikamwambia mama alete maombi yenye tovuti na barua pepe ya biashara. Mama akanigeukia. Mie ndiye niliyemaliza chuo, kwa hiyo pale nyumbani kila kitu chenye kioo cha kubonyeza ni changu.

Nilipolitafuta jina mtandaoni ili nilisajili kama anwani ya tovuti, ukafunguka ukurasa wenye sentensi moja: jina hili linauzwa. Chini yake bei, na bei yenyewe ilikuwa ya bodaboda mpya.

"Nani kamuuzia huyu jina langu?" mama akauliza.

"Hakuna. Kaliwahi tu."

"Kaliwahi wapi? Mie nina viti tangu hujazaliwa."

Nikamweleza kwamba ni kama wanaonunua viwanja Kimbiji, wanaacha nyasi ziote, wanasubiri barabara ifike.

"Kama baba yako na kiwanja chake," akasema.

Nikapendekeza tuongeze neno moja mbele ya jina, tulipie kwa bei ya kawaida, yaishe. Akakataa. Watu wanalitafuta lile walilolisoma, alisema, na mwenye neno la ziada ataonekana ndiye mwigaji.

Nikamwandikia muuzaji nikijifanya mwanafunzi mwenye mradi mdogo wa chuo, maana muuzaji akijua shida yako, bei inapanda. Akajibu kwa Kiswahili kizuri: bei haipungui, ila kwa mazungumzo nimpigie. Akaweka namba.

Mama akasoma begani kwangu. "Kumbe ni mwenzetu! Na wewe hata salamu hukumpa." Akaninyang'anya simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama," sauti ya kijana ikasema baada ya kumsikia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeshika jina langu?"

"Jina lipi mama? Ninayo mengi."

"La viti."

"Viti gani tena?"

Hakuwahi kusikia habari za viti. Alidhani jina lile lingependwa na mwenye saluni. Anaishi Manzese, alisema. Alimaliza chuo, kazi hakupata, akasoma mahali kwamba majina yanatajirisha. Akanunua mengi kwa mkupuo. Kila mwaka anayalipia yasimtoke, na karibu yote hayajawahi kuulizwa na mtu. "Nikikushushia sana mama, nitakuwa nimeyalipia mengine bure."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mnene mwenye kiyoyozi. Huyu alikuwa rika langu, na kazi hata mie sikuwa nayo. Hata hivyo nilijiuliza kama hadithi ile haijasimuliwa kwa kila mteja.

"Sasa hilo jina wiki hii linafanya kazi gani?" mama akamuuliza.

"Limekaa tu."

"Mie kiti kikikaa stoo naumwa kichwa. Nikodishie."

Nikaanza kumpungia mikono. Akaifunika simu kwa upande wa khanga.

"Mama, hili la kukodi siku akilitaka analichukua, na wateja wako humohumo!"

"Bwana harusi si anakalia viti vyangu? Kwani harusi inakuwa yangu?"

"Harusi inaisha usiku uleule. Biashara yako haiishi."

Nilimwona akiipima hoja kama anavyopima turubai lililorudishwa, akitafuta palipotoboka. Kisha akaifunua simu.

"Mwanangu, nina msomi hapa, roho yake haitulii. Kodi nitakayokulipa ihesabike kwenye bei. Ikitimia, jina langu. Na kabla ya hapo usimwuzie mtu."

Kijana akauliza: "Na ukichelewa, mama?"

"Utanisema kidogo, halafu utasubiri. Ndivyo ninavyowafanyiaga wateja wangu."

Kijana akacheka, na ikasikika kama kicheko cha mtu ambaye hakukipanga.

Mkataba niliuandika mie, mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuja mwenyewe Temeke kuusaini, akala wali, akaweka saini bila kusoma ukurasa wa pili, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko kama angebisha. Maombi yakaenda na barua pepe yenye jina lile. Ofisi ikampa mama shughuli moja kwanza, ya kumjaribu, na bado hawajasema kama watampa nyingine.

Kila mwanzo wa mwezi kijana anatuma ujumbe: shikamoo mama, mmeamkaje huko. Hagusii kodi. Mie nasema anaidai. Mama anasema anamsalimia, na kabla hajaniachia nafasi ya kubisha ameshamtumia hela na kumuuliza kama ameshakula.