Basani Akataa Kuzoea

Miaka mitatu mfululizo Basani Chauke alikimbia kilomita arobaini na mbili za mjini, na miaka yote mitatu saa ilimpa jibu lilelile: masaa matano na dakika sita, matano na dakika tano, kisha matano na sita tena. Na aliyetaka kwenda kwenye mbio kuu za pwani, kilomita tisini za kupanda na kushuka, sharti amalize hizi za mjini chini ya masaa manne na dakika hamsini.

Risimati, mwenyekiti wa klabu ya wakimbiaji kijijini, alimwita mbele ya wenzake wote.

"Mama Basani, tusidanganyane. Huo ndio mwisho wa kamba yako. Miaka hamsini na moja si mchezo. Mwakani tutakupa meza ya maji, uwagawie wenzako."

"Mezani kaa wewe, Risimati," Basani akajibu. "Makalio ya kuikalia unayo."

Watu wakaangua kicheko, lakini alipofika nyumbani hakuwa na cheko. Lililomchoma ni kwamba hakuwa mvivu. Siku sita kwa wiki, kabla jua halijachomoza, alikimbia kilomita kumi hadi njia panda ya lami na kurudi. Njia ileile, mwendo uleule. Hata mbwa wa kule walikuwa wameshachoka kumbwekea.

Basani alikuwa mpishi wa shule ya msingi, yeye na Mthavini. Yeye alichambua mboga na kuosha maharage. Mthavini ndiye aliyesonga ugali wa watoto mia nne. Mwaka ule Mthavini akapasuliwa nyonga, na mwiko mkubwa ukamwangukia Basani. Wiki ya kwanza mikono ilimuuma hata akashindwa kuchana nywele zake mwenyewe. Mwezi wa pili ikakaza, akaanza kunyanyua sufuria bila kuomba msaada. Kisha maumivu yakaisha kabisa. Mthavini aliporudi, Basani akamwonyesha misuli kwa maringo.

"Zifurahie nguvu hizo hizo," Mthavini akasema. "Mimi nimesonga hapa miaka kumi na tisa. Nguvu nilizipata mwaka wa kwanza. Baada ya hapo sikuongeza kitu, isipokuwa kiuno."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Mwili ukishazoea, dada, unafanya kazi huku umelala."

Basani akabaki na bakuli mkononi. Miguu yake ilikuwa ikilala kwenye barabara ile miaka mitatu!

Kuanzia wiki ile barabara ya njia panda haikumwona tena. Jumanne alipanda kilima cha bwawa mbio, akashuka akitembea, akapanda tena, mara sita. Alhamisi alikimbia kati ya nguzo za umeme: nguzo moja kwa kasi yote, nguzo moja polepole. Jumamosi alikwenda masafa marefu, na kipande kirefu cha safari kilikuwa mchanga wa mto uliokauka. Siku mbili alinyanyua madebe ya maji uani, akachuchumaa nayo na kusimama. Jumatatu na Ijumaa alipumzika kabisa, na hilo ndilo lililomtesa kuliko mengine.

Kwenye bomba la maji wanawake hawakumwacha.

"Basani, nguzo zile unazidai nini?"

"Ameambiwa na mganga azikimbie!"

"Nazifukuza," akasema, akijitwisha ndoo. "Nikizimaliza nitakuja kuwafukuza nyinyi."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Klabu ilipojipima kilomita kumi, Basani aliingia nyuma ya muda wake wa zamani kwa dakika mbili, mapaja yakiwaka moto. Risimati akatikisa kichwa.

"Si nilikwambia? Rudi kwenye njia yako."

"Njia yangu ilinifikisha wapi?"

Hakurudi. Mwezi wa pili muda wake wa zamani ukarudi. Wa tatu akaupita. Kisha ikatokea siku akapanda kilima cha bwawa mara sita na kufika juu akiimba. Mwingine angeshangilia. Yeye aliingiwa na wasiwasi, akajiambia, "Nimeanza kuzoea." Wiki iliyofuata akahamia upande wa pili wa kilima, wenye mawe na mwinuko mkali zaidi, na nguzo akazifanya mbili mbili.

Siku ya mbio za mjini ilikuwa na baridi kavu. Kilomita ya thelathini, pale ambapo kila mwaka miguu yake iligeuka mbao, kulikuwa na mwinuko mrefu. Wanaume wawili wa klabu walikuwa wakiupanda kwa kutembea.

"Mama, punguza, utakufa!" mmoja akamwambia.

"Nife nikiwa mbele yenu," akasema, akawapita.

Alivuka mstari kwa masaa manne na dakika arobaini na nne. Akajilaza chini, akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Jioni, kwenye nyama choma ya klabu, Risimati alisimama kutoa hotuba. Akasema mafanikio ya Mama Basani ni matunda ya mafunzo bora ya klabu. Basani akaweka sahani chini.

"Mafunzo ya klabu yalikuwa meza ya maji," akasema kwa sauti ya kutosha. "Kilima nilikipanda mwenyewe."

Hakuna aliyecheka mara hii. Risimati akainamisha macho, akakohoa, kisha akasema taratibu, "Ni kweli, mama. Nilikosea."

Miezi miwili baadaye Basani alikimbia zile kilomita tisini. Alifika zikiwa zimesalia dakika kumi na tisa muda ufungwe, kucha mbili zimeng'oka. Alipumzika wiki tatu. Wiki ya nne walimwona bwawani amejifunga khanga kiunoni, akijifundisha kuogelea, na kuogelea kwenyewe hajui.