Kidole Kidogo cha Kailemia

Pale Kangeta kuna zahanati ambayo ni jiwe la msingi tu. Jiwe lilizinduliwa miaka kumi na moja iliyopita, kwa maombi, kwaya na sahani za wali. Majengo bado yako njiani. Lakini tusiseme zahanati haijafanya kazi: Jumatatu moja asubuhi ilitoa mgonjwa wake wa kwanza. Kailemia alikuwa akipita pekupeku kwenda shambani, akajikwaa kwenye hilo jiwe, na kidole kidogo cha mguu wa kulia kikalia ka.

Huyu Kailemia ana miaka sitini na tatu, na hamsini ameitumia juu ya miti ya miraa. Mti wake mkuu ulipandwa na babu wa babu yake. Gome linateleza, matawi yamejikunja, na yeye husimama juu yake kwa vidole vya miguu tu, mikono yote miwili ikichuma. Nimeona maaskofu wakiingia kanisani na sikusisimka. Kwa miguu ile nilivua kofia.

Jumamosi ilikuwa siku ya ncoolo, kile kifurushi cha miraa kinachopelekwa kwa kina binti kuomba mchumba. Kikifunguliwa, mmekubaliwa. Kwa ukoo wao, baba humchumia mwanawe kwa mikono yake, na mwana alikuwa Mwenda, kitinda mimba.

Kailemia alitafuna miraa, maumivu yakapoa, akaendelea kupanda. Jumatano kidole kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau. Mkewe Karambu akampakia kwenye bodaboda hadi kwa Sista Nkirote, muuguzi wa zahanati yenye kuta.

"Kinasonga," Kailemia akasema, akikichezesha. "Kikisonga hakijavunjika."

"Hata kilichovunjika husonga, mzee. Tema kwanza hiyo miraa. Inanijibu kabla ya mguu."

Alitema. Wakangoja hadi handasi, ule mchangamko wa miraa, ikashuka, ndipo Nkirote akabonyeza nyama: kimya. Akabonyeza mfupa: macho yakalowa. Kisha akasukuma ncha ya kidole taratibu, kuelekea kisigino. Kailemia akaushika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo Karambu anaapa halikuwa limetokea tangu harusi.

"Kimevunjika," Nkirote akasema. "Bahati yako kimelala sawa, ngozi ni nzima na unahisi nikigusa. Kingepinda au kufa ganzi, au kingekuwa kile kikubwa, ungeenda hospitali kule mjini Maua kupigwa picha ya mfupa."

Akaweka pamba katikati ya vidole, akakifunga na kidole jirani, bila kukaza. Mguu uinuliwe. Barafu ndani ya kitambaa, dakika ishirini. Kiatu cha soli ngumu.

"Na mti?"

"Wiki sita."

"Sista, Jumamosi ni ncoolo."

"Ukipanda Jumamosi, kitaungana vibaya, na mti hutaushika tena. Chagua."

Karambu akachagua. "Baba Mwenda, wakwe watangoja."

Basi posa nzima ikasimama kwa sababu ya kidole kisichozidi punje ya mahindi. Kijiji kilicheka. Kailemia akavaa viatu vya ibada siku saba kwa wiki, hadi mchungaji akadhani ameokoka upya.

Wiki sita zilipoisha, Nkirote alibonyeza tena, hakusikia hata mguno, akamfuata shambani kujionea. Mzee akavua viatu. Akagusa shina, akapanda.

Kule juu, kidole kidogo kilitafuta ufa wa gome, kikaingia, kikashika, na mwili mzima wa mtu ukaegemea pale kama umeota hapo. Nkirote aliyajua majina ya mifupa yote ya mguu. Alisimama mdomo wazi, shingo imepinda, hadi kifurushi kikashuka.

Kwa wakwe, wazee hawakukigusa kifurushi. Mkubwa wao alisema, "Kwanza tuonyeshe hicho kidole tulichokingojea."

Kailemia akavua kiatu. Wakainama mmoja mmoja, wakakitazama kwa utulivu wa watu walio mbele ya madhabahu. Kisha wakafungua ncoolo.