Bahasha Iliyobebeshwa Mbegu

Mkusanyaji wa bahasha za siku ya kwanza hapendi kitu kinachotumika. Anataka bahasha yenye picha pembeni, stempu mpya, na muhuri wa posta wa siku ileile stempu hiyo ilipotolewa, basi. Ndani hakuna barua, na mdomo wake haujawahi kufungwa. Ugonjwa huu niliambukizwa na mzee mmoja wa Ainabkoi, huko nyanda za juu, mwalimu mstaafu, anayekusanya zile za historia ya posta tu: treni za barua, mabasi ya barua, masanduku mekundu. Huniazima moja, nikiirudisha hunipa nyingine.

Safari hii alikuwa ameniazima ile anayoipenda kuliko zote, yenye picha ya tarishi wa zamani akikimbia na mfuko begani. Ilikaa mezani kwangu mtaani Kapsoya huku nikijiuliza maswali ya kitoto. Mvua ikinyesha alilala wapi? Alikula kwa nani? Kuna aliyewahi kumbembeleza abebe na kitu cha ziada, kuku labda?

Mama yangu, aliyekuwa amenitembelea kutoka upande wa ziwa, naye alikuwa na lake la kuuliza.

"Hii barua ni ya nani?"

"Si barua, Mama. Ni bahasha tu. Kesho namrudishia mwenyewe."

"Tupu hivyo?"

Nilicheka, nikaendelea na shughuli zangu. Kwetu sahani ya jirani ikija na chakula hairudi bila kitu ndani, hata kama ni chumvi. Sikufikiria kwamba kwa Mama bahasha nayo ni sahani.

Asubuhi niliikuta imevimba. Alikuwa ametia mbegu za mrenda alizotoka nazo nyumbani, kisha akaifunga kwa ugali, vile tulivyofunga barua zetu tukiwa wanafunzi. Ugali ulikuwa umekauka kama simenti. Hapa sina mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo haya, na mzee akinifungia mlango, nimekwisha.

"Sasa ndio inafaa kurudishwa," Mama alisema, ameridhika kabisa, nami nikashindwa hata kumgombeza.

Kule Ainabkoi nilimkabidhi mzee bahasha yake, nikaeleza yote huku nikitazama sakafu. Aliingia nayo jikoni, akaishika juu ya mvuke wa sufuria ya chai mpaka mdomo ukaachia. Doa lilibaki, na karatasi ilikuwa imejikunja. Mke wake alikinga kiganja, mbegu ndogo za kijivu zikamwagika.

"Hii ni mboga gani?" aliuliza.

"Mrenda," nilimjibu.

"Na hii baridi yetu, itamea?"

Sikujua. Akauliza hupandwa vipi, na hilo pia sikulijua. Niliona aibu kuliko nilivyotarajia.

"Sitakuazima tena," mzee alisema mwishowe. Nilinyong'onyea. "Ukitaka kuona, utakuwa unakuja hapa, unaangalia, unaacha kwa meza. Lakini Jumamosi ukuje na mama yako. Tutamtengea mahali karibu na tangi, atuonyeshe vile inapandwa."

Nilirudi Kapsoya nimenuna. Miaka yote hiyo mimi nimekaribishwa sebuleni tu, na Mama, asiyejua muhuri wala stempu, ameshaitwa shambani.