Tiketi Yangu ya Kwenda kwa Wamaya

Acheni nijicheke kwanza, halafu mtanifuata. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani Turffontein. Mwezi uliopita mteja aliyefurahia gauni lake alinipa tiketi ya familia.

"Nendeni na watoto mkaone magofu ya Wamaya," akasema.

Nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: Mexico, lango la nne, saa tatu asubuhi. Nani asiyejua kwamba lango ni la ndege? Nikaificha ndani ya Biblia isipotee. Binti yangu Neema, aliyesoma habari za Wamaya shuleni, alishangilia mpaka majirani wakaja. Mke wangu akanunua masanduku matatu. Kanisani nikasimama kutoa ushuhuda, na Jumamosi kwaya nzima ikatusindikiza uwanja wa ndege.

Kwenye kaunta nilimkabidhi dada wa pale tiketi, kifua mbele. Akaisoma, akainama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akamwambia Neema jambo kwa Kizulu.

"Anasemaje?"

"Eish, Papa," Neema akanong'ona. "Hii ni ya maonyesho. Hayo magofu yamejengwa kwa mbao, kwenye jengo la maduka kule Randburg, humu humu mjini mwetu."

Nikageuka. Kwaya, ambayo haikusikia lolote, ilikuwa imeanza wimbo wa kutuaga.